Kadi za Watu wa Juu

Nilikuwa nimemfanyia kazi daktari mzee mwaka mmoja na nusu kabla kompyuta haijaingia pale. Kliniki yake ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu mjini Gisenyi, mtaa wa pili kutoka ziwani. Mimi nilikaa chumba cha mbele kupokea wagonjwa, na nyuma ya kiti changu lilisimama kabati la chuma la droo nane. Humo ndimo zilimokaa kadi. Kila mgonjwa alikuwa na yake, karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, na mzee aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu mbili. Ya bluu ilikuwa ya ugonjwa na dawa. Nyekundu ilikuwa ya dawa ambazo mgonjwa huyo hapaswi kupewa hata kama anakufa.

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda na wazazi wangu baada ya vita. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni na cha sala. Shule yote nilisoma kwa Kiswahili. Mzee alizaliwa hapo hapo Gisenyi, akasoma kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Halafu alikuwapo daktari kijana. Huyu alikulia Uganda, akaja kufanya kazi na mzee kwa sababu mzee alikuwa anachoka. Kifaransa hakujua hata salamu, na Kinyarwanda alikisema kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Basi sisi watatu tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake, na yote ninayoyasimulia hapa yalisemwa kwa lugha hiyo.

Miaka ile barabara ya kwenda Mudende na vilima vya juu haikuwa ya kuaminika. Watu wa kule walilima viazi na kufuga ng'ombe kama walivyofanya siku zote, lakini waliishi katikati ya pande mbili zenye silaha. Wa msituni walishuka kudai chakula. Wanaowasaka walikuja kuuliza nani aliwapa. Mtu wa juu akija kwetu na jeraha, mzee hakumuuliza alilipataje. Aliosha, akashona, akaandika kwenye kadi neno moja: jeraha.

Kompyuta aliileta daktari kijana kutoka Kampala. Alikuwa na binamu yake huko aliyekuwa akifunga ofisi, akamwachia kompyuta, printa, na disketi za programu ya kuendeshea kliniki. Aliipanga juu ya meza yangu Jumamosi moja, akaniita niketi, akaanza kunionyesha.

"Hapa unaandika mgonjwa," alisema. "Hapa siku ya kurudi. Hapa dawa zilizobaki stoo. Mwisho wa mwezi unabonyeza hii, inakupa ripoti yote. Dada, utapumzika."

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na katika mtaa ule hapakuwa na msichana mwingine aliyekaa mbele ya kioo kile. Dada zangu walipita makusudi ili wanione kupitia dirishani.

Mzee alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama mpaka kijana alipomaliza kueleza.

"Ni muzuri," alisema. "Sasa toa kwa meza ya mutoto. Atashindwa kuandika."

Kijana alidhani anatania. Hakuwa anatania.

Wiki iliyofuata kijana aliwaalika madaktari wengine wenye kliniki zao mjini waje waione. Walikuja wanne, Jumapili baada ya misa, wakanywa soda, wakaizunguka ile mashine kama watu wanaotazama ng'ombe asiye wao. Mmoja aliuliza umeme ukikatika wagonjwa wanakwenda wapi. Mwingine, mwanamume mnene aliyekuwa na kliniki karibu na soko, alisema yeye huona mgonjwa usoni, hawezi kumwona kwenye kioo, na wenzake wakacheka. Wa tatu aliuliza mambo ya maana: namna ya kutunza disketi, na kama mtu asiyejua Kiingereza anaweza kufundishwa. Kijana aliwajibu mmoja mmoja kwa subira. Yule wa nne, ambaye hakuwa amesema kitu, aliweka chupa yake chini akauliza, "Na nani mwingine anaweza kusoma humo ndani?"

Kijana alisema kuna neno la siri.

"Neno la siri linakaa kwa nani?"

"Kwangu, na kwa dada huyu."

Yule daktari alinitazama kwa muda, akachukua kofia yake. Hakuna aliyeagiza kompyuta siku ile.

Walipoondoka, kijana alikuwa na hasira. Alimwambia mzee kwamba nchi hii haiwezi kuendelea ikiwa hata madaktari wanaogopa mashine. Hapo ndipo mzee alipokaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua miwani, akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

Alisema kwamba kabla ya vita alifanya kazi kwenye zahanati moja mashambani. Alipenda mpangilio. Alikuwa na kitabu kikubwa cha kuandikia wagonjwa, na humo aliandika jina la mtu, jina la baba yake, kilima anachokaa, na nyumba anayopakana nayo, ili chanjo ikija awapate watoto wote bila kuruka hata mmoja.

"Niliandika na mukono yangu," alisema. "Muzuri sana, bila kosa. Siku ile mambo ilianza, batu walikuya, hawakuuliza dawa, hawakuuliza mafaranga. Waliuliza ile kitabu. Iko juu ya meza. Waliichukua, wakaenda nyumba kwa nyumba. Hawakupotea njia hata mara moja. Juu ya nini wapotee? Mi niliwaandikia."

 Kijana alisema kwa sauti ya chini, "Muzee, pole. Lakini hata kadi zako ni orodha."

"Ndiyo. Lakini kadi mutu atazibeba kwa gunia, atachoka. Hii yako inabonyezwa kidole moja."

Kilichombadilisha mzee hakikuwa maneno. Siku chache baadaye alikuja mvuvi mwenye kifafa, amelala mikononi mwa kaka zake, na mimi nikaitafuta kadi yake droo nzima, nikaitafuta na ya pili, na kumbe mzee alikuwa ameiandika kwa jina la utani wa ziwani. Tuliipata mgonjwa amekwisha kujiuma ulimi vibaya. Jioni ile, akifunga koti lake ili aende nyumbani, mzee alimwambia kijana bila kumtazama, "Bon. Weka. Lakini mi sitaigusa."

Nikaanza kuingiza kadi. Kazi hiyo ilichukua karibu miezi mitatu, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Programu ile ilitengenezwa na watu wasiotujua. Ilidai kila kisanduku kijazwe, na ukiacha wazi kisanduku cha makazi ilikataa kukupeleka mbele, ikalia kama kifaranga. Nilimwuliza kijana kama naweza kuandika lolote tu. Akasema hapana, andika ukweli, ripoti itaharibika. Kwa hiyo niliandika vilima. Maandishi mekundu ya mzee niliyaweka kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, cha maelezo mengine, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka.

Mambo yalikwenda vizuri zaidi ya nilivyotegemea. Mgonjwa akitaja jina, nilimpata kabla hajakaa. Mjini watu walianza kusema kwamba kwa mzee kuna mashine inayokujua. Nami nilijivuna, nikawaambia hata wauza nyanya.

Asubuhi moja ya siku ya kazi aliingia mwanamume mwenye koti la kaki na viatu vilivyong'arishwa. Hakupita mbele. Aliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akangoja zamu yake, akampisha hata mama mwenye mtoto. Zamu ilipomfikia alikuja mezani kwangu, akanisalimu kwa adabu kwa Kiswahili cha shule.

"Naambiwa mashine hii inajua wagonjwa wenu wote."

Nilisema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema nikitabasamu.

"Vizuri. Nahitaji karatasi moja tu. Watu wa juu, kuanzia Mudende kwenda huko, waliotibiwa majeraha tangu mvua zilipoanza. Jina na mahali. Si kazi kubwa, eh?"

Nilimwuliza anatoka ofisi gani. Akatabasamu kama mtu mzima aliyeulizwa umri wake na mtoto. Nikasema kwamba mkubwa wangu ndiye mwenye ruhusa. Akasema hana haraka, atapita tena Ijumaa. Akaiangalia printa, akaigusa kwa kidole, akaondoka. Mpaka leo sijui alikuwa nani, wala alitumwa na nani, wala kama alitumwa kweli.

Siku hiyo daktari kijana alikuwa amekwenda kuwaona wagonjwa wa hotelini. Nilipomweleza mzee, hakupandisha sauti. Alifunga mlango wa mbele adhuhuri ile, akageuza kibao, akaanza kutoa kadi. Alizijua kwa mkono. Kila kadi ya mtu wa juu aliitoa, mwenye jeraha na asiye na jeraha, mzee, mtoto, mjamzito, kwa sababu, alisema, mutu mubaya hasomi mpaka mwisho. Akazifunga kwa kanga niliyokuwa nimejitanda. Zilikuwa furushi la ukubwa wa mtoto mchanga. Akazipeleka nyumbani kwake, kwenye sanduku la mbao alimowekea nguo za marehemu mke wake.

Kabla hajatoka aliniambia, "Na we ondoa hao bote ndani ya mashini. Kabla ya Ijumaa."

"Nimwambie daktari?"

"Hapana. Si kama namushuku. Ni kijana muzuri. Lakini kitu mutu hajui, hata wakimupiga, hawezi kuisema."

Ilinichukua alasiri mbili. Kila nilipofuta mtu, mashine iliniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nilibonyeza ndiyo. Iliuliza tena kwa mwingine. Sikuwaza juu ya kisanduku cha mwisho. Nilikuwa nawaza juu ya visanduku vya juu, jina na kilima, na nilijiona nafanya jambo jema, pengine jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilikuwa nafuta orodha ambayo mimi mwenyewe niliiandika.

Ijumaa ilikuja, yule mtu hakuja. Jumatatu hakuja. Wiki ya pili nilipomwuliza mzee kuhusu kadi, alisema, "Bado." Wiki ya tatu sikuuliza. Daktari kijana hakugundua kitu, kwa sababu watu wa juu hawakuwa wengi wakati huo. Barabara ilikuwa mbaya na walishuka kwa nadra.

Kisha asubuhi moja akaja mama mmoja. Walimleta kwa machela ya mianzi hadi barabarani, kisha kwa gari la viazi mpaka mjini. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe siku nyingi zilizopita, na sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, mwekundu, wenye joto la kutisha. Aliletwa na shemeji yake, mwanamke kijana aliyebeba viatu vyake mkononi. Umri wa mama mwenyewe ungekuwa thelathini na kitu. Alikuwa na homa, midomo imekauka, lakini akili zake zilikuwapo.

Mzee hakuwapo. Alikuwa amevuka mpaka pale Petite Barrière alfajiri kwenda Goma kumwona dada yake aliyekuwa anaumwa.

Niliandika jina la mama yule. Mashine ikasema hayumo. Nilielewa mara moja kwa nini hayumo: alitoka Mudende. Alikuwa ndani ya lile furushi la kanga.

Alinishika mkono, akasema kwa Kinyarwanda kwamba mzee anamjua. "Muzee ananijua," alirudia kwa Kiswahili, kana kwamba sikusikia. "Ya kwangu iko kwa karatasi."

Wagonjwa wote walisema hivyo. Kila siku mtu fulani aliniambia mzee anamjua, akitumaini hatatibiwa na kijana. Nilimpapasa mkono nikamwambia, "Ndiyo mama, mzee yuko safarini, daktari huyu ni mzuri."

Daktari kijana alitoka, akauona mguu, akaniuliza, "Ana rekodi?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yangu, na sikujua kwamba ni njia panda. Ningeweza kusema: anayo, ipo nyumbani kwa mzee, ngoja nikimbie. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Lakini nilikuwa nimeapishwa kimya, na shemeji alikuwa pale anasikiliza, na benchi lilikuwa limejaa watu. Nikasema, "Hayumo, daktari. Ni mgonjwa mpya."

Alimwuliza maswali yake kwa Kinyarwanda chake kile. Alimwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi mezani, lakini shemeji alinieleza baadaye kwamba mama alijibu yale yale: imeandikwa, muzee aliandika. Kijana akadhani anazungumzia cheti. Akamchoma penisilini. Kwa mguu ule daktari yeyote angemchoma penisilini.

Nilisikia kwanza kikohozi. Kisha kiti kikaanguka. Nilipoingia, mama yule alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, uso unavimba mbele ya macho yetu, na daktari anavunja kichupa cha adrenalini huku akinipigia kelele nimshike miguu. Alimchoma mara moja, akamchoma tena. Akamfungua mdomo, akajaribu kupitisha mpira kooni, haukupita. Nilimshika miguu. Mguu mzuri ulinipiga kifuani kwa nguvu, halafu ukapunguza, halafu ukawa mzito tu. Daktari aliendelea kumsukuma kifua muda mrefu baada ya hapo, jasho likimdondokea marehemu.

Shemeji alikuwa mlangoni. Alikuwa bado ameshika vile viatu.

Mzee alirudi karibu na saa sita. Aliingia akiwa bado na vumbi la mpakani kwenye suruali, akaona kitenge kimemfunika mtu kitandani, akakiinua. Hakuhitaji kuuliza jina.

"Mulimuchoma nini?"

Kijana alimwambia.

Mzee alikaa chini sakafuni. Sikuwahi kumwona mtu wa umri wake akikaa sakafuni kliniki. Alisema kwamba mwanamke huyu, zaidi ya miaka miwili nyuma, kabla mimi sijaanza kazi pale, alikaribia kumfia pale pale kwa dawa ile ile, na yeye ndiye aliyemrudisha, na aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu mistari mitatu, na akamwambia: usihangaike kukumbuka jina la dawa, mi nimeiandika, hapa haitakugusa tena.

"Kadi gani?" kijana aliuliza. "Hana kadi. Dada amesema ni mpya." Akanigeukia. "Si ulisema ni mpya?"

Nikamweleza. Nilisema yote, mtu wa koti la kaki, furushi, alasiri zangu mbili. Nilitegemea anipige, na ningeona sawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mzee:

"Ulinifumba macho. Halafu ukanipa sindano."

Mzee alisema, "Ndiyo."

"Ungeniambia. Nisingesema kwa mtu. Hata wangeniua."

"Bote wanasemaka hivyo," mzee alijibu, lakini bila nguvu, na nadhani hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo mbele ya kile kitanda.

Siku ya mazishi hatukwenda, barabara ilifungwa. Tulikwenda siku ya tatu, mzee na mimi. Kijana alisema hawezi kumtazama mume wa yule mama machoni, na sikumlaumu. Mzee alinitaka niende. Alisema, mashahidi ni wawili.

Tulipanda na gari la viazi. Kule juu palikuwa na baridi na ukungu, na mashamba yalikuwa yamechanua maua meupe ya viazi. Nyumba nyingine njiani hazikuwa na paa. Mume tulimkuta uani na majirani waliokuja kuhani, mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua. Alitupa viti. Alidhani tumekuja kuhani kama wengine, akamshukuru mzee kwa kuacha kazi zake akaja.

Mzee hakukaa. Alizungumza Kinyarwanda, taratibu, na mimi nilielewa kila neno. Alisema: mke wako hakufa kwa mguu. Alikufa kwa dawa ambayo nilijua itamwua. Niliandika, kisha nikaficha nilichoandika. Akaeleza kwa nini alificha. Hakusema neno juu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema sehemu yangu, nikafungua mdomo, naye akanizuia kwa mkono.

 Jirani mmoja alisimama, akasogea kama anayetaka kumshika mzee koti, mume akamtuliza kwa ishara ya kichwa.

"Yule mtu wa orodha," aliuliza hatimaye, "alirudi?"

"Hakurudi."

"Hakurudi kabisa?"

"Hakurudi."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ulituficha kwa mtu ambaye hakuja."

Mzee alisema pengine hakuja kwa sababu alijua hatapata kitu, au pengine hakuwa na nia ya kuja. Hakuna ajuaye. Mume akasema, "Kama ungempa karatasi, jina langu lingekuwamo pia. Mimi nina kovu begani, ulilishona wewe." Kisha baada ya muda: "Sijui nikushukuru au nikufukuze. Nenda tu, daktari. Kuna watoto ndani, wasikuone."

Tukaenda. Tulisubiri gari barabarani karibu saa nzima. Mimi nililia, kisha nikaona aibu kulia mbele ya mzee, nikanyamaza.

Kesho yake alileta lile furushi, akalifungua juu ya meza yangu. Kadi ya yule mama ilikuwa ya juu. Aliichukua akaitia mfukoni, na nyingine tukazirudisha kwenye droo.

Daktari kijana aliondoka mwisho wa mwezi, akaenda Kigali. Alikuja kuniaga mezani, akanipa mkono, akasema hanichukii. Nilimwuliza kama ataichukua kompyuta. Akaitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata mtoto wa jirani, akasema hapana.

Habari zilienea mjini kwa namna yake. Yule daktari mnene wa karibu na soko alipita siku moja kumpa mzee pole, akaketi, akasema, "Si tulisema? Kompyuta imeua mutu." Nilijaribu kumweleza kwamba mashine ilisema tu kile tulichoifanya iseme, lakini alikuwa ameshapata jibu alilolipenda, na alikuwa akilibeba kliniki hadi kliniki. Ndipo mzee alipomkatiza, kwa ukali ambao sikuutarajia.

"Kompyuta haikuua. Kadi haikuua. Mi niliogopa, na nilimuficha kijana. Donc, kama unataka kueleza batu, eleza hivyo."

Yule mgeni alimaliza chai yake haraka.

Wiki ile ile mzee alivuta kiti akakaa kando yangu, akaniambia nimfundishe. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja kama anayebonyeza tumbo la mgonjwa, akingoja ione uchungu. Tulianza upya, kwa kukubaliana mambo. Kwenye kisanduku cha makazi tuliandika neno moja kwa watu wote, Gisenyi, awe anatoka ziwani au mlimani. Jina la baba tuliweka nukta. Wino mwekundu tuliuhamishia mbele, mahali pa jina la pili, ili mtu asiweze kumfungua mgonjwa bila kuuona. Ripoti za mwisho wa mwezi ziliharibika kabisa. Na kila mgonjwa tulimpa daftari dogo la shule, ndani mmeandikwa dawa zisizomfaa, akae nalo mwenyewe, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa, ili asimtegemee mtu yeyote anayesema nimeandika.

Wengine waliyapoteza. Wengine waliyatumia kuwashia moto. Mwanamke mmoja alilishonea mfuko ndani ya gauni lake.

Nilibaki pale miaka miwili mingine. Hakuna daktari mwingine wa kundi lile la Jumapili aliyenunua mashine wakati huo, ila yule aliyeuliza juu ya disketi alikuja mara mbili, peke yake, akaketi nyuma yetu, akatazama tunavyofanya bila kuuliza swali. Wagonjwa kwenye benchi walinung'unika kwamba mzee amekuwa mzito, kwamba zamani ulikuwa unaingia na kutoka. Alikuwa mzito kweli. Kabla ya kila sindano alitoka chumbani kwake, akaja mezani kwangu na miwani yake, akainama, akasoma kioo kwa sauti, kisha akarudi ndani kumwuliza mgonjwa jambo lile lile kwa mdomo wake.